Kati na Pembeni: Ufundi wa Kuipanga Sauti ya Obokano

Kurekodi obokano, ala ya nyuzi ya Wagusii wa Kenya, si mchezo. Nyuzi zake nane hutoa sauti nzito yenye mvumo wa kukwaruza, na mpigaji huimba papo hapo akiwa ameketi nyuma yake. Waongeze waitikiaji, vigelegele na kayamba, na maneno ya Ekegusii yatamezwa. Produsa mwenye haraka humpandisha mwimbaji, kisha besi, kisha kila kitu. Fundi mvumilivu hupiga hesabu.

Hesabu hiyo imo katika hataza aliyoiomba Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza, mwaka 1931. Jumlisha sauti ya kushoto na ya kulia: unapata kati, ambako yanayofanana huongezeka nguvu. Toa ya kulia katika ya kushoto: yanayofanana yanafutana, zinabaki tofauti, yaani pembeni. Kati ukiijumlisha na pembeni, kushoto hurudi. Ukiitoa pembeni katika kati, kulia hurudi. Hakuna kinachopotea njiani, ila sasa kila sehemu inatengenezwa peke yake.

Mtazame fundi aliyezoea. Anaanza kwa kuzima kati na kusikiliza pembeni tupu: vigelegele, mwangwi wa chumba, mchakacho wa kayamba, na mngurumo usio na kazi. Mngurumo anaukata chini ya hezi 120 hivi, ili uzito wa nyuzi nene ukae kati bila kuyumba. Kisha anahamia kati, karibu na hezi 300, mahali ambapo kifua cha mwimbaji na tumbo la obokano hugombania nafasi. Anapunguza desibeli 2 tu, anasikiliza tena, anaacha. Maneno yanajitokeza ingawa hakuna aliyeyapandisha. Mwisho anainua pembeni kidogo, zile sauti nyembamba za juu, na waitikiaji wanapata pa kusimama. Kama mchongaji wa mawe wa Tabaka kule Kisii, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuondoa.

Kila baada ya badiliko anabonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. FM ya stirio nayo hurushwa kwa jumla na tofauti, kwa mfumo ulioidhinishwa Marekani mwaka 1961. Wimbo ukichezwa kwenye kituo cha Egesa FM, redio ya spika moja huko Nyamira hutoa ile jumla peke yake. Kilichowekwa pembeni tupu hakifiki. Anayepanua miksi kupita kiasi huwafurahisha walio studioni, halafu waitikiaji wake wanatoweka mashambani kwenye majani chai.

Kijana mwenye hedifoni ndani ya matatu ya Kisii anastahili upana wake. Mchumaji chai mwenye kiredio anastahili wimbo mzima. Fundi anayewatosheleza wote wawili kwa faili moja ndiye aliyeijua kazi.