Kusoma na Kuchota: Maneno Mawili ya Kazi ya Faili katika Lugha ya C

Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina njia kadhaa za kupata data kutoka katika faili. Katika Kiswahili zote huelezwa kwa neno moja, kusoma, na hapo ndipo penye upungufu. Amri ya Unix iitwayo read huuendea mfumo wa kompyuta kila iitwapo. Fgetc hutoa baiti moja tu, lakini kwa kawaida huitoa katika akiba iliyokwisha kujazwa. Mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hiyo huomba baiti moja moja kwa read, na programu yake huzorota.

Mwenyeji wa Nyasubi, mjini Kahama, hahitaji maelezo marefu: maji ya bomba yatokayo Ziwa Victoria hujazwa pipani, kisha huchotwa kwa kopo. Kwa hiyo neno kuchota laifaa sana kazi ya akiba.

Walakini lisitumiwe kwa faili yenyewe. Kichotwacho hupungua, bali faili isomwapo hubaki kamili. Tena, pipa tupu huonekana kabla ya kopo kutumbukizwa. Feof haitangazi mwisho mpaka jaribio la kusoma limeufikia. Aitegemeaye kabla ya kusoma aweza kuihesabu rekodi ya mwisho mara mbili.

Basi faili isomwe, akiba ichotwe. Wafasiri wakiyatenga maneno hayo, nusu ya somo imekwisha kufundishwa.