Pedali Iliyoachwa Katikati: Ufundi wa Mick Ronson

Glamu roki ikitajwa, wengi hukumbuka kwanza mavazi: viatu vya soli nene, nywele nyekundu, vipodozi vinavyometameta. Tarehe 6 Julai 1972, BBC ilipomwonyesha David Bowie akiimba "Starman" huku amemkumbatia begani mpiga solo wake, vijana wengi wa Uingereza walibaki wamekodoa macho. Mpiga solo huyo ni Mick Ronson, na uchambuzi huu ni wa masikio tu.

Ronson alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa bandari wa Hull. Utotoni alijifunza piano na fidla, gitaa likaja baadaye. Mwanzoni mwa 1970 alikuwa mtunza bustani wa halmashauri ya mji. Mpiga dramu aliyewahi kupiga naye alimkuta akichora mistari ya uwanja wa raga, akamshawishi aende London kwa Bowie.

Gitaa lake lilikuwa Gibson Les Paul Custom ya 1968, ambalo rangi yake nyeusi ilikwanguliwa upande wa mbele mpaka mbao ikabaki wazi. Alilichomeka kwenye amplifaya ya Marshall ya wati 200, akipitisha sauti kwanza kwenye Tone Bender, kifaa kinachoikwaruza mpaka ingurume, na kwenye pedali ya wah-wah. Hapa kwenye pedali ndipo penye siri. Kwa kawaida wah-wah hukanyagwa mbele na nyuma bila kupumzika, ndipo gitaa "liseme" wa-wa. Ronson aliisogeza polepole akitafuta mahali panapomfaa, akaiacha papo hapo. Ikikaa hivyo, pedali inageuka kichujio: besi inapungua, trebo inapungua, na ukanda mwembamba wa sauti za kati unasukumwa mbele. Gitaa linatoka na sauti ya puani, kali lakini nyembamba, halimezi gitaa la besi la Trevor Bolder, mwenzake kwenye bendi ya Bowie, wala halimfuniki mwimbaji. Ndiyo maana aliweza kufungua amplifaya kubwa namna ile na bado kila neno la Bowie likasikika. Isikilize "Moonage Daydream", hasa solo ya mwisho. Noti ni chache, kila moja imeshikiliwa na kutikiswa kwa kidole mpaka inakaribia kukatika. Bowie alikuwa akimchorea umbo la solo kwenye karatasi, na Ronson akiusoma mchoro ule kama wengine wasomavyo nota.

Lakini kwangu mimi kazi yake kubwa kuliko zote ina gitaa kidogo sana. "Life on Mars?" ilirekodiwa mwaka 1971 katika studio za Trident, London, Ken Scott akiwa prodyuza pamoja na Bowie, na Rick Wakeman akipiga piano. Ronson ndiye aliyepanga fidla na selo, ufundi alioanza kuuchungulia kwa prodyuza Tony Visconti walipotengeneza albamu ya Bowie ya 1970. Angalia alivyoweka akiba. Mwanzoni ni sauti na piano tu, na noti za chini za piano zinashuka nusu hatua kwa nusu hatua. Vyombo vya nyuzi vinaingia baadaye, navyo havimfuati mwimbaji kama kivuli. Vina njia yao, vinambishia na kumsukuma. Dramu zinazuiliwa mpaka kiitikio. Kwa hiyo Bowie anapopaa kwenye noti ile ya juu, msikilizaji ameshapandishwa ngazi nzima bila kujua. Solo ya gitaa inayofuata ni fupi na ya kuimbika kabisa. Mwanzo huo wa piano tupu ungemtia hofu mpangaji mwoga, angeujaza.

Uvumilivu huo huo uko kwenye "Perfect Day" ya Lou Reed, katika albamu ya Transformer ya 1972, ambayo Ronson aliitengeneza pamoja na Bowie. Piano ni yake, na mpangilio wa nyuzi ni wake.

Tarehe 3 Julai 1973 Bowie alimzika Ziggy Stardust, mhusika aliyekuwa akimwigiza, jukwaani Hammersmith Odeon, London. Ronson akasukumwa mbele awe nyota, akatoa albamu mbili, lakini unyota haukudumu. Sishangai: kipaji chake kilikuwa kusikia wimbo wa mwenzake na kujua unakosa nini. Alipiga na Ian Hunter, akazunguka na Bob Dylan mwaka 1975. "Jack & Diane" ya John Mellencamp ilipokuwa karibu kutupwa, ni yeye aliyependekeza sauti za kwaya katikati; mwaka 1982 ikashika namba moja Marekani. Tarehe 20 Aprili 1992, akiwa tayari mgonjwa wa saratani ya ini, alipanda jukwaa la Wembley kumuenzi Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Alifariki tarehe 29 Aprili 1993, akiwa na miaka 46.

Steve Jones wa Sex Pistols alimhusudu, na gitaa lile kali la panki lina damu ya Ronson. Hata hivyo, kwenye "Life on Mars?" mtunzi anayeandikwa ni Bowie peke yake. Kwa kawaida mirahaba ya utunzi humwendea aliyetunga maneno na melodia; mpangaji mara nyingi hulipwa ujira wa kazi tu, na wimbo unaendelea kuchuma bila yeye. Naiona hiyo ni dhuluma, na wapangaji wengi bado wanaibeba.