Mizani Miwili katika Nyumba Moja: Thamani ya Mtoto wa Kike katika Utengano na Rosa Mistika

Imani kwamba mtoto wa kike ana thamani ndogo kuliko wa kiume hutambulika upesi inapojitokeza kama dharau. Hata hivyo, imani hiyo ina sura nyingine ambayo ni vigumu zaidi kuihoji, nayo ni sura ya ulinzi. Sehemu hii inaichunguza sura hiyo katika riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, kwa kuilinganisha na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Hoja kuu ni kwamba katika riwaya hizi mtoto wa kike hapungukiwi thamani kwa kupuuzwa, bali kwa kupimwa kwa mizani isiyotumika kwa mwanamume.

Katika Utengano, Maksuudi amemtawisha mkewe, Bi Tamima, pamoja na binti yake, Maimuna. Mussa, mtoto wa kiume wa nyumba hiyohiyo, hutoka na kurudi. Desturi ya utawa ina historia ndefu katika mwambao, na watetezi wake huieleza kuwa ni heshima: chenye thamani huhifadhiwa. Mwandishi haikanushi hoja hiyo kwa mahubiri. Anaijaribu kwa matukio. Uchungu wa uzazi unapomshika Bi Tamima, mkunga Farashuu anaingizwa nyumbani bila idhini ya Maksuudi, na malipo ya Bi Tamima ni kipigo na talaka. Ikiwa kuta zilijengwa ili kumlinda mwanamke, inakuwaje zimzuilie msaada anapouhitaji kuliko wakati wowote? Tukio hilo linadhihirisha kuwa kinacholindwa ni mamlaka ya mwenye nyumba. Mwanamke ni amana ndani ya mamlaka hayo, na amana haiulizwi inataka nini.

Mizani miwili inaonekana wazi zaidi katika kisa cha Kazija. Maksuudi na Mussa, baba na mwana, wanamwendea mwanamke mmoja bila kujuana, hadi wanapokutana. Fedheha inawapata, lakini hakuna anayesema kwamba Mussa si mtoto wa kuolea tena. Maimuna naye, baada ya kutoroka nyumbani na kuishi maisha ya baa na ukahaba, anahesabiwa kuwa amepotea. Watoto hawa wawili wamezaliwa na baba mmoja. Mwanamume hupimwa kwa anachokifanya, na akikosea hupewa nafasi ya kufanya jingine. Msichana hupimwa kwa kile ambacho mwili wake haujakifanya, na kwa kipimo hicho kosa halina marekebisho.

Rosa Mistika inakifikisha kipimo hicho kwenye mwisho wake. Zakaria anampiga Rosa vikali kwa sababu ya barua ya Charles. Miaka mingi baadaye, Charles huyohuyo anamkataa Rosa anapogundua kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Baba mlevi na mchumba msomi wanaonekana kuwa watu wa namna mbili tofauti kabisa, lakini wanatumia mizani moja. Elimu ya Charles haikuigusa imani yake. Hapa ndipo ukali wa Kezilahabi ulipo, na pengine ndipo penye jambo lililopaswa kujadiliwa zaidi wakati riwaya hii ilipopigwa marufuku katika shule za Tanzania.

Usomaji uliozoeleka, hususani katika tahakiki za shuleni, huhitimisha kuwa Rosa na Maimuna "waliharibika" kutokana na malezi makali. Hitimisho hilo lina ukweli, ila linaiacha mizani mahali pake. Kitenzi chenyewe kinafaa kuchunguzwa. Mvulana husemwa kuwa ameharibika akiwa mwizi au mlevi. Msichana husemwa hivyo kwa sababu ya kujamiiana peke yake, kama tunda lililoguswa. Mhakiki anayelaumu malezi makali huku akikitumia kitenzi hicho bila kukihoji amebadili njia ya ulinzi tu. Msichana bado ni kitu cha kulindwa kisiharibike.

Ni katika suala hili ambapo Utengano inasonga mbele zaidi. Kabi anamwoa Maimuna akiyafahamu maisha aliyoyapitia. Jambo lililomfanya Charles amkatae Rosa halimfanyi Kabi amwone Maimuna kuwa pungufu. Hata hivyo, suluhisho hili lina kasoro yake: thamani ya Maimuna bado inathibitishwa na mwanamume anayekubali kumwoa. Riwaya haimwonyeshi msomaji Maimuna anayehesabiwa kuwa mtu kamili bila ndoa. Mussa hakuhitaji uthibitisho wa namna hiyo.

Kwa jumla, riwaya hizi mbili zinaonesha kuwa kusema mtoto wa kike "ana thamani kubwa" hakutoshi kuipinga imani inayomshusha, kwa kuwa Maksuudi angeweza kuyasema maneno hayohayo huku akifunga mlango. Swali linalopaswa kuulizwa na mhakiki ni nani anayeishika mizani, na kama yeye mwenyewe angekubali kupimwa kwayo.