Je, Kampuni Ina Dhambi?

Mshkaji wangu mmoja alisoma hadithi yangu fupi kuhusu kiwanda kilichomwachisha kazi baba, akacheka. "Kiwanda kitakuwaje katili, bwana? Kiwanda ni mabati na mashine tu. Katili ni mtu." Nikakosa jibu. Barua aliyopewa mzee haikuwa na jina la mtu. Chini imeandikwa "Uongozi", basi.

Jibu nimelitafuta vitabuni. Katika The Grapes of Wrath (1939), John Steinbeck anaonyesha wakulima wa Oklahoma wakifukuzwa mashambani. Mkulima mwenye bunduki anataka kujua: ampige nani risasi? Dereva wa trekta katumwa na benki, na benki nayo inaagizwa kutoka mashariki. Benki ni dubwana: watu wameliunda, ila hawaliwezi tena. Picha hiyo inatisha, nami naipenda. Lakini ndugu msomaji, ina tundu. Ukishasema ni dubwana, kila aliyelilisha ananawa mikono.

Ngũgĩ wa Thiong'o kapita njia nyingine. Katika Shetani Msalabani, riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, wezi wanasimama mbele ya watu na kila mmoja anajisifia wizi wake kwa mdomo wake. Hapo hakuna "Uongozi". Kila tumbo lina mwenyewe. Tatizo ni kwamba wezi wale wanajijua. Aliyeandika barua ya baba pengine alilala usingizi mnono, akiamini kafuata taratibu.

Sasa namjibu mshkaji. Bhopal, India, usiku wa kuamkia 3 Desemba 1984, gesi iliyovuja katika kiwanda cha Union Carbide iliua maelfu ya watu. Mwaka 2010 mahakama iliwatia hatiani Wahindi saba waliokuwa viongozi pale, na kampuni yenyewe ya India pia. Watu walipewa kifungo cha miaka miwili, kampuni ikapigwa faini. Adhabu ilikuwa ndogo mno, lakini hukumu ilitambua jambo moja: kosa linaweza kukaa kwa mtu, na pia katika utaratibu uliomfundisha asione.

Kwa hiyo tuihukumu kampuni, ila tusiwafungulie watu mlango wa nyuma. Hadithi yangu nimeiandika upya. Kiwanda bado ni katili. Safari hii lakini yupo mtu ameshika kalamu. Anasita kidogo, kisha anaandika: "Uongozi".