Sanaa ya Kuazima na Adabu Yake

Mpenzi wa hadithi za picha achoraye upya mashujaa wa mtunzi mwingine pasipo idhini, ana haki gani ya kulalamika mchoro wake mwenyewe unapochukuliwa? Swali hili huwagombanisha wachoraji wa Japani, ambao wengi wao huonyesha kazi zao katika tovuti ya Pixiv, iliyoanzishwa mwaka 2007. Kando ya mchoro mara nyingi huandikwa onyo kwamba usitangazwe pengine bila ruhusa. Wako wanaoliona onyo hilo kuwa ni unafiki, mwizi kumlilia mwizi.

Hukumu hiyo haitoshi. Katika uchoraji wa Lubumbashi, mamba muntu amechorwa na mafundi wengi, na bado mkono wa kila fundi hutambulikana. Umbo ni la wote. Kazi ya mkono ni ya mtu. Tofauti ni kwamba mamba muntu hana mwenyewe, ilhali shujaa wa Kijapani anaye kisheria, naye mara nyingi hunyamaza tu.

Basi amani ya wachoraji hao imesimama juu ya kimya cha mwingine, na kimya si hati. Ndiyo maana adabu ina uzito. Comiket, soko la vitabu vyao lililoanza Tokyo mwaka 1975 na vikundi 32, huwaita wote, wachoraji kwa wanunuzi, washiriki, hakuna mteja. Kanuni hiyo yafaa hata mtandaoni: atazamaye naye ana wajibu. Aliyeazima hudai heshima kwa haki endapo naye amemtaja mwenye shujaa.