Kitone cha Wino Mweusi

Kiungo cha filamu kilichofungwa vizuri hakionekani, na hilo mafundi wa mashine walilijua tangu enzi za sinema bubu. Unakata kwa wembe pale palipochanika, unakwangua utando wa picha mpaka seluloidi ibaki tupu, unapaka gundi, unabana, unangoja, unaachia. Sinema ilipoanza kusema, kazi hiyo ikaongezewa hatua moja. Pembeni mwa picha sasa palikuwa na mstari mwembamba, upana wake milimita mbili na nusu hivi, na humo ndimo ilimokaa sauti. Kiungo kikipita kwenye mstari ule bila kutengenezwa, spika zinatoa mshindo, tup!, katikati ya wimbo. Kwa hiyo fundi alichovya kiburashi katika wino mweusi mzito, akachora juu ya kiungo kitone cha pembetatu, kinachoanza kwa ncha na kupanuka taratibu. Sauti ikazimwa na kurudishwa kwa upole, kwa kipande cha sekunde ambacho hakuna msikilizaji aliyekihisi.

Kitone hicho ndicho ninachotaka kukisifu. Habari za sinema za kwanza za kusema zimeandikwa sana, na ukizisoma utakutana na stelingi, utakutana na tajiri mwenye jumba, utakutana na foleni iliyofika barabarani. Fundi aliyekaa nyuma ya ukuta, katika chumba chenye joto la tanuri, hutajwa tu siku kilipoungua kitu. Mimi naona hakuna aliyebadilishiwa kazi kama yeye. Alikuwa mtu wa jicho na mkono, na katika miaka michache tu akatakiwa awe mtu wa sikio.

Mashine nyingi za mwanzo ziliendeshwa kwa kuzungushwa, na mkono ulikuwa na hiari yake. Farasi wakikimbia, fundi akakazana. Jeneza likipita, akalegeza. Picha 16 kwa sekunde, 20, au zaidi, hayo yalikuwa baina yake na mpiga piano. Na ukumbini hapakuwa kimya hata kidogo. Bombay, maandishi ya kwenye pazia yaliweza kuja kwa lugha zaidi ya moja, na aliyejua kusoma akawasomea wenzake kwa sauti. Picha haikuwa na neno. Maneno yote yalikuwa ya watu.

Tarehe 14 Machi 1931, katika ukumbi wa Majestic, Girgaum, mji ule ule wa Bombay, ikaonyeshwa Alam Ara ya Ardeshir Irani, filamu ndefu ya kwanza ya Kihindi kusema. Inasimuliwa kwamba tikiti ya ana nne iliuzwa nje kwa rupia nne hadi tano, na polisi wakaitwa kuutuliza umati. Watu walikwenda kumsikia Zubeida, stelingi wake. Walikwenda kumsikia Wazir Mohammed Khan, aliyeigiza fakiri na kuimba wimbo wa kuomba sadaka. Nyimbo zilikuwa saba. Studio ya Irani ilikuwa karibu na njia ya reli, kwa hiyo walipiga picha usiku wa manane, treni zikishatulia; mikrofoni zikafichwa, na wapiga ala nao wakafichwa ili kamera isiwaone. Mashine yao ilinasa sauti na picha papo hapo kwenye ukanda mmoja, hivyo mtu akikohoa, kikohozi kimeingia. Nawaheshimu sana watu wale kwa usiku wao. Lakini taabu yao yote iliishia mikononi mwa fundi mmoja wa Majestic, ambaye angeutia ukanda vibaya kidogo tu, mbele ya umati ule uliopigania tikiti, Zubeida angefumbua mdomo na sauti isije.

Tazama ndani ya mashine. Picha haionekani kwenye pazia mpaka isimame: kila moja husimama mbele ya taa, ikaondoka, ikaja nyingine, mara 24 kwa sekunde. Sauti ni kinyume chake. Haisikiki sawasawa ila ukanda ukiteleza bila kusita. Na ukanda ni huo huo mmoja! Juu unaruka kama panzi, chini kidogo tu unatakiwa uteleze kama mafuta. Ndiyo maana sauti ya neno haikuchapishwa ubavuni mwa mdomo unaolitamka. Imetangulizwa kama picha 20 mbele, na baina ya mlango wa picha na mahali pa kusomea sauti fundi anaacha kitanzi, ukanda uliolegea, unaotetemeka na kumeza mruko wote ule. Kitanzi kikirefuka, sauti inachelewa. Kikifupika, mtu anasikika kabla hajafumbua mdomo. Katika kitanzi kile cha urefu wa kiganja ndimo mdomo na sauti vinamokutana, na aliyevikutanisha ni mtu mwenye vidole vya mafuta aliyejifunza kukikadiria kwa jicho. Na hata akikadiria vyema, hewa nayo inadai chake: kwa muda wa picha moja, sauti husafiri mita kama 14, kwa hiyo wa viti vya nyuma husikia wakiwa wamechelewa kidogo kuliko wa mbele, hata ukanda ukiwa sawa kabisa.

Kabla ya mstari wa pembeni kushinda kulikuwa na njia nyingine, ngumu zaidi, ya kucheza sahani ya santuri sambamba na filamu. Ndiyo iliyotumika New York mwaka 1927 kwa The Jazz Singer. Ukanda ukikatika na picha kumi zikaharibika, fundi hakuweza kuzitupa tu, kwani sahani ilikuwa inaendelea na hesabu yake. Ilimbidi atie picha kumi nyeusi mahali pake, zisipungue wala kuzidi. Sahani zenyewe zilichakaa baada ya kuchezwa mara kama ishirini. Kwa sinema iliyosafiri kwa meli, ikapakuliwa kwa mashua na kubebwa kwa mkokoteni, sahani ni mzigo wa kuombea dua.

Hiari ya mkono ikaisha. Mwendo sasa ni 24, basi, maana mashine ikiharakisha sauti inapanda na mwanamume anaimba kama mtoto, ikizembea mwanamke anaguruma. Naona hapa fundi alipoteza kitu cha thamani, nami simlaumu aliyekilalamikia. Alipewa badala yake jukumu ambalo halijawahi kuandikwa popote, la kulinda wimbo wa mtu mwingine usipande wala kushuka.

Katika mji kama Zanzibar jukumu hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Vuga palikuwa na Royal Cinema Theatre tangu 1921, jumba lililochorwa na John Sinclair, ambalo baadaye liliitwa Majestic, jina moja na ule ukumbi wa Bombay. Liliungua miaka ya 1950 likajengwa upya. Mpaka mwisho wa 1935 mji ulikuwa bado unatumia rupia, hivyo aliyelipa tikiti Vuga na aliyelipa Girgaum walihesabu kwa lugha moja ya fedha. Na watu wa mji ule walikuja na masikio yaliyokwisha kufunzwa. Taarabu iliingia jumba la Sultani Barghash kutoka Misri ikiimbwa Kiarabu, na klabu ya Ikhwani Safaa ilianza 1905 ikiuenzi muziki huo huo. Kisha Siti binti Saad na wenzake wakapanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, miaka mitatu kabla ya Alam Ara kusikika katika mji huo huo. Zanzibar ilijisikia katika santuri mapema, ikajua nini maana ya sauti iliyovuka bahari na kurudi.

Kwa hiyo lugha haikuwazuia. Mji uliozoea kuupenda wimbo wa Kiarabu kabla ya kuuelewa haukushindwa na wa Kihindi. Filamu za Misri zilipokuja na Mohammed Abdel Wahab na Umm Kulthum, waimbaji ambao watu waliwajua kwa santuri, ukumbi ulikwenda kuwaona wale uliokuwa umewasikia siku nyingi. Na kule Mombasa, Juma Bhalo alikuja kujenga jina kubwa kwa kuimba maneno ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi. Lahani hizo ziliingia pwani kwa mlango wa santuri, na kwa mlango wa sinema pia. Nikiwaza hivyo ndipo ninapouona uzito wa ile 24. Waimbaji waliokaa ukumbini wakiushika wimbo kwa kichwa, ili kesho yake wautafute kwenye kinanda, walikuwa wanapokea lahani kama fundi alivyoipitisha. Fundi akikosea, na wao wamekosea.

Na aliyafanya haya yote kwenye hatari. Filamu za zama zile zilikuwa za naitreti, ambayo ikishika moto huwaka hata ndani ya maji, na hatua moja tu kutoka hapo palikuwa na taa ya vijiti viwili vya kaboni, iliyomtaka avisogeze kila vinapopungua. Vidirisha vya chumba vilikuwa na milango ya bati ya kujifunga moto ukitokea, ili wa ukumbini wasalimike. Yeye alibaki upande wa ndani. Alam Ara yenyewe haipo tena, hakuna nakala inayojulikana popote, na filamu nyingi za naitreti za miaka ile zimepotea vivyo hivyo: nyingine zikaungua, nyingine zikaoza zikawa unga ndani ya mikebe.

Mashine zilikuwa mbili. Rili ya kwanza ikikaribia kuisha, ya pili imeshatiwa tayari, na fundi anasimama katikati, jicho kwenye kidirisha, akingoja alama ndogo kwenye kona ya juu ya picha. Alama ya kwanza, anawasha mota. Inapita kama sekunde saba. Alama ya pili, anafungua huku na kufunga kule, picha na sauti kwa pamoja, na stelingi anaendelea na sentensi aliyoianza kwenye mashine nyingine.

Onyesho la mwisho likiisha anabaki peke yake, rili juu ya meza ya kurudishia, ukanda ukipita polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Anausikiliza kwa ngozi. Anapokuta ukingo umechanika anasimamisha, anachukua wembe, anakata, anakwangua, anagundisha, anabana. Kisha anakifungua kichupa cha wino, anachora kitone chake, anakipuliza kidogo, na kusubiri kikauke kabla hajaendelea kuzungusha.