Mkuu wa Vita vya Dawa za Kulevya Akikosea, Nani Amwambie?

Julai 1998, Jenerali mstaafu Barry McCaffrey, aliyekuwa akiongoza sera ya dawa za kulevya Marekani, alikuwa ziarani Ulaya. Akadai kwamba Uholanzi watu wanauana kwa kiwango cha mara mbili ya Marekani: watu 17.58 kwa kila 100,000, wakati kwao ni 8.22. Chanzo, kwa maelezo yake, ni dawa za kulevya, maana Uholanzi imelegeza mkono kwenye bangi.

Kumbe ile 17.58 ilikuwa imejumlisha mauaji pamoja na majaribio ya kuua. Namba ya Marekani ilihesabu waliokufa tu. Ukiondoa majaribio, Uholanzi inabaki na 1.8, yaani chini ya robo ya Marekani. Hili ni kosa ambalo mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza anakatwa alama. Tofauti ni kwamba mwanafunzi ana mwalimu wa kumsahihisha. Mkuu wa sera je?

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Kila anapoteuliwa mtu wa kuongoza mapambano haya, mjadala huwa ni kuhusu wasifu wake: ni mwanajeshi, mwanasheria, polisi au daktari? Ni mjadala halali, lakini nadhani tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: ofisi yenyewe imejengwaje kupokea ushahidi unaopinga kile ilichokwisha kukiamini? Marekani ni sehemu nzuri ya kulijaribu swali hili, kwa sababu imeteua wakuu wa aina zote, na kumbukumbu zao ziko wazi.

Tuanze na mfano mzuri. Juni 1971 Rais Nixon alimteua Jerome Jaffe, daktari wa magonjwa ya akili, kuongoza ofisi mpya ya kuzuia matumizi mabaya ya dawa. Hofu kubwa wakati ule ilikuwa wanajeshi waliokuwa Vietnam, ambako heroini ilipatikana kwa urahisi. Watu walidhani vijana hao wakirudi nyumbani, miji itajaa waraibu. Jaffe alifanya mambo mawili. Alipanua matibabu, yakiwemo ya methadoni, na alitaka utafiti ufanyike kufuatilia wanajeshi hao wakisharudi. Kazi hiyo akapewa Lee Robins, mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha St. Louis.

Matokeo yaliwashangaza wengi, na wapo walioyakataa. Karibu mwanajeshi mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu akiwa Vietnam. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurejea, ni takribani 5% tu ya hao waraibu waliorudia uraibu. Hapa tuwe waangalifu: utafiti huu hausemi heroini haina madhara. Unasema uraibu haumo ndani ya dawa peke yake. Mazingira, wenzako, upatikanaji wa dawa na maisha unayorudia, vyote vina mchango. Ile imani kwamba "ukionja tu umekwisha" haikusimama mbele ya data.

Ninachokipenda kwa Jaffe si udaktari wake. Ni kwamba aliagiza utafiti ambao ungeweza kumuumbua. Hakujua jibu lingekuwa lipi.

Sasa tuhamie kwenye ofisi ya sasa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1988 na ambayo mkuu wake wa kwanza alikuwa William Bennett, msomi wa falsafa na sheria. Kuanzia 1998 ofisi hiyo iliendesha kampeni kubwa ya matangazo ya kuwaonya vijana, hasa kuhusu bangi. Hadi 2004 ilikuwa imetumia karibu dola bilioni 1. Kwa haki kabisa, serikali iligharamia pia tathmini huru, iliyofuatilia vijana walewale kwa miaka kadhaa. Hadi hapo, hongera zao.

Tathmini hiyo haikuona kwamba matangazo yaliwaepusha vijana na bangi. Zaidi ya hapo, kulikuwa na dalili kwamba waliotazama matangazo mengi zaidi walielekea baadaye kuamini kwamba wenzao wengi wanavuta. Na ukiwa na miaka 14, ukiaminishwa kwamba "kila mtu anavuta", unajua kinachofuata. Mwaka 2006 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipitia tathmini hiyo, ikaona imefanywa vizuri, ikashauri fedha za kampeni zibanwe.

Ofisi ya sera ilifanyaje? Ilibisha. Ikaelekeza kwenye takwimu za taifa zilizoonyesha kwamba matumizi ya bangi kwa vijana yanapungua. Msomaji, hebu tusimame kidogo hapa. Matumizi yakipungua nchi nzima wakati kampeni inaendelea, hiyo haithibitishi kwamba kampeni ndiyo iliyoyapunguza. Jogoo huwika kabla ya alfajiri, lakini si yeye anayelileta jua. Ndiyo maana tathmini ililinganisha vijana waliotazama matangazo mengi na waliotazama machache. Aliyekuwa na jibu la kitaalamu mkononi akachagua jibu la kisiasa.

Unaweza kusema hapo tatizo lilikuwa watu tu. Mimi nasema soma sheria. Sheria ya mwaka 1998 iliyoiongezea ofisi hiyo muda ilimkataza mkuu wake kutumia fedha za ofisi kwa utafiti wowote unaohusu kuhalalisha dawa zilizo kwenye daraja la kwanza la makatazo, bangi ikiwemo, hata kwa matumizi ya tiba. Ikamtaka pia achukue hatua kupinga jaribio lolote la kuzihalalisha, kama hazijaidhinishwa kwa matibabu.

Simaanishi kwamba bangi ihalalishwe. Unaweza kuwa mpinzani mkubwa wa bangi na bado ukaona kasoro hapa. Afisa huyu ameamriwa jibu kabla ya kuuliza swali, kisha akanyang'anywa fedha za kuuliza. Kwetu sisi tunaoandika tasnifu, ni kama msimamizi akuambie: hitimisho lako hili hapa, sasa nenda kakusanye data, ila maswali haya usiwaulize watu.

Kwa hiyo hata daktari akikalia kiti hicho, mkono wake mmoja umefungwa. Mwaka 2021 ofisi ilipata daktari wa kwanza kuiongoza tangu iundwe, Rahul Gupta. Mwaka huohuo zaidi ya Wamarekani 100,000 walikufa kwa dawa kuzidi mwilini. Katika kipindi chake tiba na kuokoa maisha vilipewa uzito, na mwaka 2023 naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na heroini au fentanili, iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Ni hatua kubwa. Lakini mkuu mmoja mwenye kusikia si sawa na ofisi inayolazimika kusikia. Yeye aliondoka mwaka 2025, kiti kikabaki.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mkuu wa sera si mtafiti. Akiyumba kila jarida linapotoka, polisi, hospitali na wazazi watamfuata vipi? Nakubali, msimamo unahitajika. Lakini msimamo na masikio vinaweza kukaa kwenye kichwa kimoja. Jaffe alikuwa na msimamo na akaleta matokeo.

Haya yanatuhusu vipi? Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, kwa msaada wa fedha za Marekani. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke na kwingine. Ni dawa ileile aliyoipigania Jaffe. Mgonjwa anakunywa kipimo chake mbele ya mhudumu kila siku. Dawa inakaa mwilini muda mrefu, arosto inatulia, na mtu anapata nafasi ya kufanya kazi na kurudi kwa familia bila sindano. Mantiki yake haiko mbali na ile ya jojo za nikotini kwa anayeacha sigara. Kisha sheria ya mwaka 2015 ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, inayoongozwa na Kamishna Jenerali anayeteuliwa na Rais. Mamlaka hiyo inakamata wasafirishaji na pia inaratibu tiba. Kuviweka hivyo viwili chini ya paa moja ni jambo jema.

Wasiwasi wangu ni kwenye kipimo. Habari zinazotufikia zaidi ni za kilo: zimekamatwa kilo kadhaa, watuhumiwa kadhaa. Kilo peke yake ni kipimo kibovu. Mvuvi akirudi na samaki wengi kuliko jana, huwezi kujua kama baharini wameongezeka au yeye ameongeza nyavu. Kilo zikipanda, inaweza kuwa ushindi, na inaweza kuwa mzigo unaopita umekuwa mkubwa. Zikishuka, hali ni hiyohiyo: biashara imekufa, au imebadili njia.

Ningependa kila Kamishna anayeteuliwa aulizwe mambo matatu hadharani, kila mwaka. Wangapi walioanza methadoni bado wako kwenye tiba baada ya miezi 12? Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yanapanda au yanashuka? Na ni mpango gani wa mamlaka uliopimwa na watu wa nje, ukaonekana haufanyi kazi, ukasitishwa?

Hilo la tatu ndilo gumu. Ofisi ambayo haijawahi kusitisha kitu, ama haikosei kamwe, ama haijipimi. Na anayelipia ni yule kijana wa maskani tunayemwita teja, ambaye hakuna aliyemuuliza kama mpango ulimsaidia.